Kuchagua protini inayong'aa kwa picha za ndani ya mnyama aliye hai: mwongozo kamili kwa maabara za Kanda ya Ziwa

Mwanafunzi wa uzamili anapoanza kazi ya kupiga picha ndani ya mnyama aliye hai, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: protini ipi inang'aa kuliko zote? Anafungua jedwali, anatafuta namba kubwa, anaagiza jeni. Miezi inapita, panya wanazaliwa, na siku ya picha anaona ukungu mtupu. Namba ile ilipimwa kwenye kijichupa chenye maji safi. Ndani ya panya kuna damu, mafuta, ngozi, manyoya na chakula tumboni.

Hapa tunaanza na mnyama, tunafuata mashine, na protini inakuja ya tatu. Nimeandika nikiwafikiria wenzangu wa Mwanza na kando ya ziwa, wanaofanya kazi na konokono wa kichocho, mbu wa malaria, samaki na panya, wakiwa na vifaa vya kugawana na umeme wa kukatika. Ukifuata mpangilio huu utaokoa fedha. Utaokoa wanyama pia, na hilo naliona kubwa zaidi, kwa sababu kila mnyama aliyetoa picha isiyosomeka ametumika bure.

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1962 Osamu Shimomura alitenga protini ya kijani, GFP, kutoka kwa konyeza wa baharini (jellyfish) aitwaye Aequorea victoria. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba jeni yake ikiwekwa kwenye bakteria au kwenye mnyoo, kiumbe hicho kinang'aa chenyewe kikimulikwa. Roger Tsien akaitengenezea rangi nyingine nyingi. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2008. Kila protini ya aina hii ina namba mbili za kukumbuka: urefu wa wimbi la mwanga unaoiamsha, na urefu wa wimbi la mwanga inaoutoa. EGFP, yaani GFP iliyoboreshwa, kwa mfano, huamshwa vizuri na nanometa 488 na kutoa 507. Nitaziandika hivi: 488/507.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Kabla ya kufungua jedwali lolote, andika mnyama gani, kiungo gani, kina cha milimita ngapi kutoka kwenye ngozi, na unataka kumwona mara moja au siku baada ya siku. "Nataka kuona vimelea kwenye tezi za mate za mbu aliye hai" ni sentensi inayojitosheleza. "Nataka kufuatilia uvimbe kwenye ini la panya kwa wiki nne" nayo inatosha. "Nataka kutumia GFP kwenye panya" haitoshi, maana imeanza na jibu.

Kina ndicho kinachoamua karibu kila kitu. Kiluwiluwi wa mbu na samaki mchanga wa siku chache hupitisha mwanga kiasi kwamba rangi yoyote itaonekana. Sikio la panya ni jembamba. Ini lake limefunikwa na ngozi, misuli na mbavu, na lenyewe limejaa damu.

Hatua ya 2: Elewa mwanga unavyopotea mwilini

Chukua muda hapa, kwa sababu ukiielewa hatua hii nyingine zote zinakuwa rahisi.

Adui mkubwa ni himoglobini, protini nyekundu ya damu. Iliyobeba oksijeni hufyonza mwanga kwa nguvu sana kwenye eneo la bluu, kisha ina vilele viwili karibu na nanometa 542 na 577, halafu inashuka ghafla baada ya 600. Tofauti yake ni kubwa mno: kwenye 577 inafyonza zaidi ya mara 100 ya inavyofyonza kwenye 650. Ukivuka nanometa 900 maji yenyewe yanaanza kufyonza. Kwa hiyo kuna dirisha, takribani kati ya 650 na 900, ambapo tishu inaruhusu mwanga upite. Mtawanyiko nao hupungua kadiri wimbi linavyorefuka, hivyo ndani ya dirisha hilo picha inakuwa na ukungu kidogo zaidi.

Sisi wa ziwani tuna mfano wa jambo hili mbele ya macho yetu. Katika Ghuba ya Mwanza maji yana chembechembe na masalia ya mimea yanayomeza bluu mapema, na unavyoshuka ndivyo mwanga unaobaki unavyoelekea kwenye wekundu. Furu aitwaye Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la bluu, anakaa karibu na uso wa maji. Ndugu yake Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ana dume jekundu na anapatikana chini zaidi. Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba hata macho ya samaki hawa yamejirekebisha kulingana na mwanga wa kina wanachoishi. Kinachofyonza ziwani si kile kinachofyonza mwilini, ila matokeo yanafanana: ukitaka kuonekana kutoka chini, uwe mwekundu.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hulisahau. Mwanga unasafiri mara mbili. Lazima uingie kuiamsha protini, kisha mwanga wa protini utoke ukufikie. Kama tabaka la tishu linapitisha sehemu moja ya kumi kila upande, unabaki na sehemu moja ya mia. Ndiyo maana protini yenye mwanga mwekundu unaotoka, lakini inayoamshwa na kijani au njano, bado inateseka: nusu ya safari inapita kwenye kilele cha himoglobini.

Chukua tdTomato, protini ya rangi ya machungwa, 554/581. Kwenye jedwali ni miongoni mwa zinazong'aa sana, zaidi ya mara mbili ya EGFP. Lakini mwanga wa kuiamsha na mwanga inaoutoa vyote vimekaa pale pale kwenye vilele vya himoglobini. Juu ya ngozi inapendeza. Ndani ya ini inamezwa, na kinachokufikia ni mkia wa mwanga wake uliovuka 600.

Melanini, rangi nyeusi ya ngozi na manyoya, ni tatizo la pili. Panya weusi wa C57BL/6, ambao ndio wengi kwenye maabara, wana manyoya yanayofyonza kila rangi. Watumie wa ukoo huo huo wasio na rangi ya mwili, au watoe manyoya kwenye eneo la picha. Kwa samaki wa zebrafish kuna aina iitwayo casper isiyo na rangi, au unaweza kuzuia melanini kwa kuweka PTU, kemikali inayozuia rangi isitengenezwe, ya asilimia 0.003 kwenye maji, kuanzia kabla kiinitete hakijatimiza saa 24.

Tahadhari moja kwa wenzangu wa kichocho. Usidhani konokono amesalimika kwa kuwa hana damu kama yetu. Biomphalaria ana himoglobini kwenye maji ya mwili wake; ndiyo inayompa ule wekundu unaoonekana kwa wale wasio na rangi nyeusi. Yote niliyosema juu ya himoglobini yanamhusu, na gamba linaongeza mtawanyiko juu yake.

Hatua ya 3: Orodhesha mwanga na filta ulizonazo

Nenda kwenye mashine ukiwa na daftari. Andika kila chanzo cha mwanga na kila filta, kwa nanometa. Usiridhike na jina la rangi lililobandikwa mlangoni.

Hadubini nyingi za kawaida zina seti ya bluu kwa GFP na seti ya kijani kwa protini nyekundu. Zenye leza huwa na 488, 561 na wakati mwingine 640. Ukiwa na 640 unaweza kutumia miRFP670, protini ya kundi la iRFP lenye wekundu wa mbali (tutalifikia Hatua ya 5), ambayo ni 642/670. Usipokuwa nayo, protini hiyo kwako ni sawa na haipo, hata ukiagiziwa bure.

Hospitali nyingi zina hadubini za LED za kuchunguza makohozi ya TB kwa rangi ya oramini. Mwanga wake wa bluu, kwenye zile za nanometa 455 hivi, unaiamsha EGFP kwa sehemu, na kwa kuchungulia viluwiluwi vya mbu au koloni za bakteria unatosha kusema "ipo" au "haipo". Usiitumie kupimia kiasi. Filta yake huruhusu kila kitu kilicho juu ya wimbi fulani kupita, pamoja na mng'ao wa asili wa mnyama.

Angalia na kamera. Kamera nyingi za rangi zina kioo kinachozuia miale iliyo juu ya nanometa 650 au 700 ili picha za kawaida zitoke na rangi nzuri. Kioo hicho kikiwepo, iRFP nyingi zitaonekana giza, nawe utailaumu jeni isiyo na kosa.

Kwa kulinganisha mawimbi na filta zako, tumia FPbase, hazina ya bure ya mtandaoni yenye mchoro wa kila protini. Unaweka protini, unaweka filta, unaona zinavyokutana. Umeme ukiwa wa kubahatisha, hifadhi michoro unayoihitaji kwenye kompyuta yako mapema.

Hatua ya 4: Mpige picha mnyama asiye na protini yoyote

Kama kuna hatua moja ningeomba usiiruke, ni hii. Ifanye kabla ya kuagiza kitu chochote. Mchukue mnyama wa kawaida, umri na chakula kile kile utakachotumia kwenye jaribio, umpige picha kwenye kila filta uliyoorodhesha, kwa muda wa mwanga ule ule. Unachokiona ndicho kiwango ambacho protini yako italazimika kukishinda.

Utashangaa. Kwenye kijani mnyama mzima anang'aa: flavini na NADH, kemikali za kawaida ndani ya seli, kolajeni ya ngozi, na lipofusini, mabaki yanayorundikana kwenye seli za wanyama wazee. Unavyosogea kuelekea nyekundu mng'ao huo unapungua, na baada ya 650 panya anakuwa karibu giza. Karibu, kwa sababu tumbo lake linaweza kuwaka kama limejaa klorofili.

Klorofili hutoa mwanga mwekundu karibu na nanometa 670 hadi 680, na mkia wake unavuka 700. Chakula cha panya chenye majani makavu ya alfalfa kina klorofili nyingi. Cha kutengeneza wenyewe, cha pumba za mahindi, dagaa na majani ya kijani yaliyosagwa, kinayo vilevile. Kwenye picha utaona utumbo umejichora wote, vinyesi kwenye sakafu ya kizimba vinang'aa, na hata mkia uliogusa kinyesi una madoa. Ukiwa unatafuta uvimbe wa tumboni kwa miRFP670, hapo umepotea. Dawa yake ni kumbadilishia panya chakula kisicho na majani siku kadhaa hadi wiki mbili kabla ya picha, kumbadilishia na matandiko, na kumfuta vizuri. Halafu mpige picha tena bila protini uone kama giza limerudi.

Kwa konokono hali ni ile ile. Wengi wetu tunawalisha majani ya saladi au mchicha, na mwani unaota kwenye kuta za beseni. Mweke Biomphalaria chini ya mwanga wa bluu, filta ndefu, na utumbo wake utauona kama uzi mwekundu unaozunguka ndani ya gamba. Uzi huo ni mchicha. Anayeuona kwa mara ya kwanza kwenye konokono aliyeambukizwa anaweza kuandika ripoti nzima juu ya vimelea. Konokono wa kulinganisha, asiyeambukizwa na aliyekula chakula kile kile, ndiye atakayekuokoa. Unaweza kumfungisha kwa siku moja au mbili hadi utumbo uwe mtupu, ila angalia asidhoofu.

Mbu aliyekula damu ana tumbo jeusi la himoglobini. Subiri ameng'enye, siku mbili hadi tatu, ndipo umchungulie.

Weka namba. Chora duara dogo kwenye eneo la kiungo unachokitaka, pima wastani wa mwanga, andika. Siku utakapokuwa na mnyama mwenye protini utachora duara lile lile na kugawanya. Tuseme mnyama mwenye protini ana vizio 900 na asiye nayo ana 800: protini hiyo inaweza kuwa inang'aa vizuri sana kwenye kijichupa, lakini ndani ya mnyama wako uwiano ni 1.1 tu na hakuna hitimisho la kutegemea. Nyingine yenye 120 dhidi ya 20 imefifia kwa jicho lakini uwiano wake ni 6. Ichague hiyo. Uwiano ndio unaokupa jibu. Ukali wa mwanga peke yake haukupi.

Hatua ya 5: Chagua kundi la rangi kulingana na kina

Sasa ndipo protini inaingia.

Kwa mnyama anayepitisha mwanga, au tishu nyembamba, kijani kinatosha na sioni sababu ya kujitesa na nyingine. EGFP imezoeleka, vitendanishi vyake vipo, na kila hadubini inaiona. Vimelea vya malaria ya panya, Plasmodium berghei, vyenye GFP vimefuatiliwa vikitembea kwenye ngozi ya sikio la panya hai, na kwenye mbu tezi za mate zenye vimelea vinavyong'aa huonekana kupitia ganda la mwili bila kumpasua. Ukihitaji mwanga zaidi kwenye kijani, mNeonGreen, 506/517, ni chaguo zuri: katika fotoni (chembe za mwanga) 100 inazofyonza inarudisha takribani 80, wakati EGFP inarudisha 60.

Kwa kina cha kati, chini ya ngozi kwa milimita moja au zaidi kidogo, nenda kwenye nyekundu. mCherry, 587/610, ni imara na inavumilia tindikali, ila inarudisha fotoni 22 tu kwa 100. mScarlet, 569/594, inarudisha 70, lakini huamshwa karibu sana na kilele cha himoglobini. Mimi hapa napendelea mKate2, 588/633, kwa sababu mwanga wake unaotoka umeshavuka mteremko wa himoglobini, hata kama kwenye jedwali mScarlet inaipita mbali. Ukitumia tdTomato, weka filta inayokusanya kuanzia 600 kwenda juu, uukusanye ule mkia.

Kwa viungo vya ndani vya panya, kundi la iRFP ndilo la kulifikiria kwanza: iRFP713 (690/713), miRFP670, miRFP720 (702/720). Asili yake ni vipokezi vya mwanga vya bakteria, na hazijitengenezei kiini cha mwanga zenyewe. Zinaazima biliverdini, dutu ambayo mwili wa mamalia huitengeneza unapovunja himu, sehemu ya himoglobini yenye chuma; ndiyo ile rangi ya kijani unayoiona kwenye ngozi iliyovilia damu inapoanza kupona. Ya kwanza yao iliyoitwa iRFP ilitangazwa mwaka 2011, na faida yake kubwa ilikuwa kwamba ndani ya mamalia biliverdini ya mwili inatosha bila kuongeza kitu. Kwa idadi ya fotoni inazorudisha ni dhaifu sana, kama 6 kwa 100. Ndani ya kijichupa inashindwa na karibu kila protini niliyoitaja. Ndani ya ini la panya inaonekana, na hizo nyingine hazionekani.

Kama kiumbe chako ni bakteria anayeishi ndani ya panya, kumbuka wengi hawana kimeng'enya cha kutengeneza biliverdini. Itabidi uongeze jeni ya himu oksijenasi sambamba na ya protini. Kwa wadudu na samaki, jaribu kwanza kwenye seli chache kabla ya kutengeneza kizazi kizima.

Ukiwa na hadubini ya fotoni mbili mambo yanabadilika, kwa sababu EGFP huamshwa na miale ya karibu nanometa 920, na safari ya kuingia inakuwa rahisi. Wenye mashine hiyo ni wachache, kwa hiyo sitakaa hapo.

Hatua ya 6: Jiulize kama unahitaji protini inayong'aa kabisa

Kama unachotaka ni kujua tu kama seli au vimelea vipo, na vimeongezeka au vimepungua, kimeng'enya cha kimulimuli, lusiferasi, mara nyingi kinashinda. Hakihitaji mwanga wa kuamsha, kwa hiyo safari ni ya upande mmoja na mng'ao wa asili wa mnyama haupo. Kwa joto la mwili wa panya mwanga wake unasogea hadi karibu na 610. Unamchoma panya D-lusiferini, dutu ambayo kimeng'enya hicho huitumia kutoa mwanga, kawaida miligramu 150 kwa kilo, unasubiri kama dakika 10 hadi 15, unapiga picha gizani.

Kasoro zake ni tatu. Lusiferini ni gharama ya kila siku ya picha. Seli lazima iwe hai na yenye oksijeni. Tena hutaona umbo la seli, utaona doa tu. Anayetaka kuona seli ikitembea abaki na protini inayong'aa. Wapo wanaoweka zote mbili kwenye jeni moja, na kama bajeti inaruhusu naunga mkono: lusiferasi inakuonyesha ni kiungo kipi, protini inakuonyesha seli ipi baada ya kukitoa.

Hatua ya 7: Chunguza tabia za protini yenyewe

Kukomaa. Protini za ukoo wa GFP zinahitaji oksijeni ili kiini chao cha mwanga kiive. Katikati ya uvimbe mkubwa usio na damu ya kutosha, au kwa bakteria wasiotumia oksijeni, hazitaiva, na giza utakaloliona halimaanishi seli hazipo. Kundi la iRFP lina nafuu kidogo, ila utengenezaji wa biliverdini nao unatumia oksijeni, kwa hiyo usiahidi makubwa. Angalia na kasi: mScarlet inachukua kama saa tatu kukomaa, mScarlet-I kama nusu saa hadi dakika arobaini. Ukifuatilia jeni inayowaka na kuzima ndani ya saa moja, tofauti hiyo ndiyo jaribio lenyewe.

Joto. GFP ya asili hujikunja vibaya kwenye nyuzijoto 37. EGFP ilirekebishwa kwa ajili hiyo. Samaki wa zebrafish anakaa 28.5. Mbu wenye P. berghei wanatakiwa kuwekwa 19 hadi 21, baridi kuliko hewa ya Mwanza karibu mwaka mzima, hivyo utahitaji kabati la kupoza. Kwenye joto hilo kila kitu kinakwenda polepole, kukomaa kwa protini pia. Usikimbilie kuchungulia.

Tindikali. Kwenye vifuko vya kumeng'enya vya seli pH hushuka chini ya 5. EGFP hupoteza nusu ya mwanga wake karibu na pH 6, kwa hiyo vimelea vilivyomezwa na seli za kinga vitaonekana vimetoweka wakati bado vimo. mCherry inavumilia hadi chini ya 4.5; hapo ndipo udhaifu wake unaposamehewa.

Kuungana. Protini nyingine hushikana mbili mbili au nne nne. Kama unajaza seli nzima rangi, haina shida. Kama unaiunganisha na protini nyingine ili uione inakwenda wapi, tumia zile zinazokaa peke yake, ambazo kwa desturi jina lake huanza na herufi m. DsRed ya mwanzo hushikana nne nne na huganda ndani ya seli. Iache kwenye makumbusho, au kwenye alama ya macho ya mbu ambako inafanya kazi yake vizuri hadi leo.

Kinga ya mwili. Panya wa ukoo wa BALB/c wanaweza kuishambulia GFP kama kitu kigeni, na seli zenye rangi zikauawa. Ukiona uvimbe wenye rangi unapona na usio na rangi unakua, shuku hilo mapema.

Hatua ya 8: Jeni, promota na safari yake hadi Mwanza

Promota ni kipande cha DNA kinachowasha jeni. Kwenye mnyama mzima promota iitwayo CMV mara nyingi hunyamazishwa baada ya muda. Zile za CAG na EF1α hudumu zaidi. Hakikisha jeni imeandikwa kwa kodoni (herufi tatu tatu za DNA) anazozipendelea mnyama wako. Plasmidi, yaani duara dogo la DNA linalobeba jeni yako, nyingi hutolewa na Addgene ya Marekani kwa taasisi zisizo za biashara, na husafiri zikiwa ndani ya bakteria kwenye agari, bila kuhitaji barafu. Hiyo ni bahati kwetu, maana mzigo ukikwama njiani siku kadhaa bado una uhai. Ukifika, usambaze kwenye sahani siku hiyo hiyo, chukua koloni moja, thibitisha mfuatano wa DNA, kisha weka kwenye gliseroli kwenye friza ya nyuzi hasi 80. Weka pia DNA iliyokaushwa kwenye karatasi, kwenye bahasha kavu. Friza ikizimika usiku, bahasha haijali.

Hatua ya 9: Vibali, na ziwa lenyewe

Anza mapema, kwa sababu hii ndiyo hatua inayochukua muda kuliko zote. Utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kibali cha kamati ya maadili, kuzingatia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kwa kiumbe chochote kilichobadilishwa jeni, Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za mwaka 2009 zilizo chini ya sheria ya mazingira.

Naomba hili lichukuliwe kwa uzito wake. Samaki, konokono au mbu mwenye jeni ya kung'aa hatakiwi kutoka nje ya chumba chake, na hapa maabara nyingine zina mfereji unaoishia ziwani. Sangara alipandikizwa kwenye ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, na furu wa aina nyingi hawajaonekana tena. Maji ya matangi yapite kwenye chujio laini na kuuliwa kwa klorini au joto kabla ya kumwagwa. Milango miwili, wavu kwenye madirisha, hesabu ya wanyama kila siku kwa maandishi. Kama huwezi kutimiza haya, fanya kazi na seli au na mnyama asiyeweza kuishi ziwani.

Hatua ya 10: Siku ya picha

Washa mashine nusu saa kabla ili taa itulie. Panya apewe isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta, asilimia 1.5 hadi 2 akishalala, na awe juu ya kitu cha kumpa joto, kwa sababu mwili unaopoa hubadilisha mtiririko wa damu na pamoja nao mwanga unaouona. Toa manyoya siku moja kabla, ngozi ipate kutulia. Daima mweke panya asiye na protini kando ya mwenye nayo kwenye picha ile ile.

Chagua muda wa mwanga kwa kumtumia mnyama anayeng'aa zaidi, uhakikishe hakuna eneo lililojaa hadi mwisho wa kipimo cha kamera, kisha usiuguse tena hadi jaribio liishe, hata wiki nne baadaye. Mwanga ukiwa mkali rangi huchujuka. Kama mnyama yule yule anapigwa picha nyingi mfululizo, pima kwanza uchujukaji huo kwa mnyama mmoja asiyehusika na jaribio.

Mwisho wa jaribio, baada ya kumuua mnyama kwa njia iliyoidhinishwa, toa viungo na uvipige picha nje ya mwili kwa mpangilio ule ule. Ini lililong'aa kutoka nje ling'ae na likiwa kwenye sahani. Lisipong'aa, ulichokuwa unakiona kilikuwa ngozi au utumbo. Ukitaka kukata vipande, GFP hustahimili paraformaldehidi, dawa ya kuhifadhi tishu, ya asilimia 4 lakini hudhoofika kwenye alkoholi, kwa hiyo chagua kugandisha badala ya nta.

Kwenye ripoti andika jina kamili la protini pamoja na herufi zake zote, nanometa za filta, muda wa mwanga, chakula cha mnyama, na namba za mnyama asiye na protini. Mwenzako wa Bukoba au Musoma akitaka kurudia kazi yako, orodha hiyo ndiyo atakayoanza nayo.